Gogo la Chini, Upande wa Chumba cha Maman

Jumapili, Evere. Mvua ndogo, ile isiyonyesha sawasawa wala kukatika.

Nimeamka kabla ya wote. Nimekaa jikoni nikisikiliza nyumba. Si redio, si majirani. Nyumba. Kila gogo likitoa mlio, hata mdogo, vidole vyangu vinasimama juu ya kibodi mpaka mlio uishe.

Ilunga aliniambia jana kwamba italia hivi kwa siku kadhaa, mpaka uzito ukae mahali pake. Akili yangu imemwelewa. Mwili bado.

Naandika kwa sababu nikikaa bure nitaanza tena kuuona mkono wake chini ya ule ukuta.

Kwa wanaopita hapa kwa mara ya kwanza: naishi katika nyumba ya magogo. Si mbao za kupigilia. Ni magogo mazima ya msonobari, yamelazwa moja juu ya jingine na kushikana kwenye kona. Ndiyo, Brussels hii hii. Mtaa wetu una nyumba za matofali zilizobanana, kisha kuna kichochoro chembamba, na mwisho wa kichochoro kuna bustani na hii nyumba ambayo majirani wanaiita le chalet. Mzee mmoja Mbelgiji aliijenga zamani kwa sababu alipenda misitu ya kaskazini na mke wake alikataa kuhamia huko. Alipofariki, watoto wake hawakuitaka. Mume wangu Ilunga ni fundi umeme. Alikuja kutazama nyaya zake, akarudi nyumbani na uso wa mtu aliyetoka kuchumbia. Tukainunua.

Mimi sikuipenda. Nimekulia Morogoro, kwenye nyumba ya tofali na bati. Kwangu mti ulikuwa ni mlango na kitanda, basi. Nyumba ya mti inataka kuuguzwa, na mimi kuuguza nakufanya kazini, huko Woluwe, kwenye makao ya wazee, wiki nzima. Kila kiangazi lazima upake mafuta upande unaopigwa na jua. Majani yakianza kuanguka, upande ngazi ukasafishe mifereji ya paa, maana ikiziba maji yanashuka ukutani. Magogo yanakauka, yanasinyaa, yanaachana, na kila mwanya unauziba kwa kamba za katani unazozishindilia kwa patasi butu mpaka viganja vinawaka. Unamaliza upande wa nyuma, wa mbele unakuita.

Hata hivyo nilizoea. Wakati wa baridi ina joto ambalo sijalipata katika fleti yoyote ya mji huu.

Kisha Maman akaja.

Maman Bernadette ni mama yake Ilunga. Alitoka Lubumbashi miaka mitatu iliyopita, mjane wa muda mrefu, Ilunga akiwa mwanawe wa pekee. Tulimpa chumba cha nyuma kinachotazama bustani. Hata wiki haijaisha akauliza jembe liko wapi. Akalima tuta chini ya dirisha lake, akapanda lengalenga na matembele, na kila mara alikuwa akiusogeza udongo hadi kwenye ukuta, kwa sababu ukuta unatunza joto. Jioni alizimwagilia kwa ndoo. Mboga zilistawi mpaka tukawa tunawagawia watu wa kanisani. Hakuna aliyelifikiria gogo.

Mwaka jana majira kama ya Oktoba, sakafu ya chumba chake ilianza kubonyea pembeni. Ilunga akatoka, akaufukua udongo, akalichoma gogo la chini kabisa kwa bisibisi. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa ilitoka na unga wa kahawia unaonuka uyoga.

Gogo la chini ndilo linalobeba mengine yote.

Tuligombana kipupwe kizima. Mimi nilisema tuiuze, hata kwa hasara, tutafute fleti yenye kuta zisizooza. Yeye alisema nyumba haitupwi kwa sababu ya gogo moja, linatolewa linawekwa jingine. Tuligombana kwa kunong'ona, kwa kuwa kulikuwa na jambo ambalo hatukutaka limfikie Maman: kwamba udongo wake na ndoo zake za maji ndivyo vilivyoliozesha.

"Usimuambie kitu, chérie," Ilunga alinisihi. "Atawaza ni ye alivunja nyumba."

Nikanyamaza. Lakini nilianza kula mboga zake kwa hasira. Alikuwa akiniwekea sahani, akingoja niseme ni tamu, nami nasema ni tamu bila kumwangalia. Sijui kama aliona. Nadhani aliona.

Kazi yenyewe ilipangwa na Hamisi, rafiki yake Ilunga kutoka Bujumbura, seremala wa mapaa. Alikuja akaizunguka nyumba, akapiga magogo kwa nyundo akisikiliza, akasema inawezekana. Ukuta wa nyuma utainuliwa kidogo sana kwa jeki. Gogo bovu litakatwa vipande na kutolewa. Jipya litasukumwa mahali pake, kisha ukuta utashushwa juu yake. Kazi ya Jumamosi moja, kama mvua itatuhurumia. Alikuwa na sharti moja tu: ukuta ukiwa juu ya jeki, ndani asiwepo mtu.

Ijumaa jioni Ilunga alimwambia mama yake. Maman alikuwa mezani akichambua maharagwe.

"Maman, kesho utaenda kwa Maman Odette wa kanisani, kule Saint-Josse. Ni siku moja tu. Mangaribi utarudia."

Mikono yake ilisimama. "Siku moja?"

"Siku moja."

"Na weye?"

"Mi nitabakia hapa. Kuko kazi ya nyumba."

Alimaliza maharagwe yake, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi alitoka chumbani amevaa koti la baridi, amebeba mfuko mkubwa. Nilimsaidia kuubeba nikaona ndani mna blanketi, sufuria ndogo, viatu, na bahasha ya hati zake zote. Nilicheka. Nilimwambia, "Maman, ni mpaka jioni tu, si safari." Aliniangalia kwa muda, kama unavyomwangalia mtoto anayecheza katikati ya barabara. Nikampandisha basi, nikamngoja akae, nikampungia mkono. Hakupunga.

Jana, basi.

Tulifunga gesi, maji na umeme. Hamisi alikuwa amekwisha kukaza nguzo fupi za mbao kwenye ukuta wa nje kwa boliti nene, na chini ya kila nguzo akaweka jeki, na chini ya kila jeki vibao vipana ili isizame. Kisha akashika mpini wa kwanza, akasema "Bismillah," akasukuma.

Sijui niseme vipi. Nyumba ikikaa miaka yote hiyo unasahau kwamba ni mzigo. Jeki ikiusukuma ndipo unausikia. Ilitoa sauti ndefu kutoka kwenye paa mpaka chini, na mimi nilijikuta nimerudi nyuma hadi kwenye mti wa pea.

"Doucement, Ilunga, doucement. Usiikimbize," Hamisi alikuwa akisema. Wanasukuma kidogo, wanangoja. Wanasikiliza. Wanahamia jeki nyingine. Hakuna aliyeongea zaidi ya lazima. Mimi kazi yangu ilikuwa kutazama mstari wa penseli ambao Hamisi aliuchora kwenye kona, nipige kelele ukihama. Niliutazama mpaka macho yakatoa machozi.

Kisha msumeno wa mnyororo. Gogo bovu lilikatika bila kubisha, sehemu nyingine wakawa wanalichota kwa koleo. Walipomaliza, ukuta wa nyuma wa nyumba yangu haukuwa na kitu chini yake. Ungeweza kuona ndani, chini ya sakafu, giza na vumbi na jiwe la msingi, na juu ya ile nafasi uzito wote ule umekaa kwenye jeki kama mtu aliyesimama kwa ncha za vidole.

Mvua ikaanza hapo.

Waliingiza gogo jipya kutoka upande wa kona, wakilisukuma juu ya vipande vya bomba la chuma vinavyobingirika. Lilifika nusu likakwama. Ilibidi mtu alale kifudifudi upande ambao bado ulikuwa wazi, aingize mkono mpaka begani, akwangue jiwe la msingi na kunyoosha ile karatasi ya lami inayozuia unyevu usipande. Ilunga akalala.

Ndipo simu yangu ikalia. Maman Odette.

"Allo, Rehema? Maman Bernadette alishafika?"

"Kufika wapi?"

"Kwenu, quand même! Alitoka hapa kitambo. Alisema anaenda kununua majani ya pondu ku magasin ya pale chini. Alors mi ninangoja, ninangoja. Sasa ninaona mufuko wake haiko."

Sikumwambia Ilunga. Nilimtazama, amelala shavu kwenye matope, mkono wote chini ya ukuta, nikaona nikimshtua sasa hivi atajinyanyua kwa ghafla. Nikamwambia Hamisi kwa ishara kwamba narudi. Nikakimbia kichochoroni hadi kituo cha basi. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye vipokea sauti masikioni na mama mmoja na kigari cha mtoto. Maman hayupo. Nilisimama pale kwenye mvua nikifikiria tramu, barabara, mwanamke wa umri wake ambaye Kifaransa kinamkimbia akiogopa.

Niliporudi nikapitia mlango wa mbele, kuchukua koti langu. Kwenye ngazi kulikuwa na nyayo za matope. Zilikuwa zinaingia.

Sisi wote tulikuwa nyuma na msumeno ukinguruma. Aliingia kwa mlango wake mwenyewe kama kila siku.

Nilivua viatu. Sijui kwa nini, labda nilidhani nitakuwa mwepesi. Korido ilikuwa na mteremko ambao haukuwepo asubuhi. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi.

Alikuwa amekaa kwenye kitanda, koti mwilini, mfuko kwenye mapaja. Hakunigeukia. Pembeni mwa chumba, pale ambapo ukuta hukutana na sakafu, sasa kulikuwa na mstari wa mwanga wa mchana, na yeye alikuwa ameuinamia huo mstari.

"Maman," nilinong'ona. "Tutoke."

"Apana."

"Nyumba haina kitu huku chini. Imeshikwa na jeki tu."

"Minaona."

"Basi tutoke, tafadhali. Ilunga yuko nje, tumfuate."

"Ilunga haiko inje. Eko chini ya nyumba." Akanyoosha kidole. "Minaona mukono yake."

Kuinua wazee ndiyo kazi yangu. Mkono mmoja kwapani, mwingine mgongoni, unahesabu naye pumzi, unanyanyuka naye. Nikamshika hivyo. Akashika nguzo ya kitanda. Nikavuta, akavuta, kitanda kikaburuzika kwenye sakafu, na ukuta ukajibu.

Nje Hamisi akapiga kelele, "Ni nani anatembea mule ndani?"

Tuliganda wote wawili, nikiwa nimemkumbatia.

Nikasikia Ilunga akijichomoa kwenye matope, kisha uso wake ukatokea dirishani. Dirisha lilikuwa limelegezwa upande wa juu, mwanya wa kupitisha hewa. Alikuwa na udongo hadi kwenye kope. Aliniangalia mimi, akamwangalia mama yake, na sijawahi kumwona mume wangu akiwa na uso ule.

"Maman! Unafanya nini mule? Toka!"

"Weye njo utoke kwanza."

"Maman, je t'en supplie. Nyumba inaweza kuanguka."

"Njo maana nilirudia."

Aliposema hivyo sauti yake haikuwa ya ubishi. Nililegeza mikono. Nilidhani anakaribia kusimama. Badala yake alianza kuongea, akiliangalia dirisha, taratibu, kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa.

"Ile siku ya Likasi, wakati balikuwa banatufukuza mu muji, balituambia siku mbili. Balisema, mutoke mu manyumba, mutaenda ku gare ya train, kisha siku mbili mutarudia. Weye ulikuwa mudogo, nilikubeba ku mugongo. Papa yako akasema, endeni, mi nitafunga nyumba, nitabafuata. Nikaenda. Nikamuacha ku mulango, anatafuta funguo. Niligeuka mara moja, nikamuona. Kisha batu bakakuwa bengi mu barabara. Sikumuona tena."

Mvua ilikuwa ikigonga kwenye kioo. Hamisi, nyuma ya Ilunga, alikuwa amevua kofia.

"Uliniambia ni malaria," Ilunga alisema. "Ku train. Uliniambia alikufa ku train."

"Ulikuwa mutoto. Mutoto banamuambia nini?"

Ilunga alikuwa ameweka kiganja chake kwenye kioo.

"Mi siwezi kuacha tena muntu yangu nyuma, ku nyumba," Maman alisema. "Kama inaanguka, ianguke na sisi bote."

Ndipo jeki ya katikati ilipozama.

Sikuiona. Nilisikia. Ulikuwa mlio mkavu kama mfupa, na sakafu ikanipiga nyayoni. Vitu vilianguka jikoni. Kioo cha dirisha kilipasuka kutoka juu hadi chini kupitia katikati ya uso wa Ilunga, na ule mstari wa mwanga pembeni ukazibika. Vumbi likamwagika kutoka darini, kwenye nywele za Maman, kwenye mikono yangu. Nikafunga macho.

Kisha ikasimama.

Nilipofumbua, Ilunga alikuwa bado pale dirishani, mzima, mdomo wazi. Gogo jipya, lile lililokwama nusu, lilikuwa limeupokea ukuta.

Sasa Maman ndiye aliyenishika mimi. Alinikamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Twende. Twende, mukwe yangu, twende." Tulitoka kwenye korido tumebanana, mimi peku, yeye na mfuko wake ukigonga ukuta, mpaka nje, tukaizunguka nyumba hadi nyuma.

Hakumkumbatia mwanawe. Alimshika mkono wa kulia, akaupapasa kuanzia begani kushuka, kiwiko, kiganja, kidole kimoja kimoja, kama wanavyofanya wakunga. Kisha akaugeuza na kuanza upya.

Hamisi alikuwa amechuchumaa pale Ilunga alipokuwa amelala. Nafasi ilikuwa imezibika. Kikwangulio alichokiacha Ilunga kilikuwa chini, mpini umekatika, chuma kimebanwa kati ya ukuta na jiwe.

"Ungekuwa bado umelala hapa…" Hamisi alisema, akaishia hapo. Alikaa kwenye tope, akasema alhamdulillah mara nyingi mfululizo, mikono yote miwili ameikita ardhini. Huyu ni mtu anayetembea juu ya mapaa ya kanisa bila kushika kitu.

Mimi niliingia nyuma ya mti wa pea nikatapika.

Nilitaka tuache. Nilisema hivyo, kwa sauti kubwa safari hii: tuondoke, twende kokote, ianguke. Lakini mvua ilikuwa inazidi, ukuta umekaa kwenye nusu gogo na jeki zilizobaki, na nyuma ya uzio wetu kuna bustani ya jirani ambapo watoto hucheza. Hamisi akasema nyumba iliyofunguliwa hivi haiachwi. Ama tuifunge leo au itajifunga yenyewe.

"Nitakala hapa," Maman akasema. "Fasi nitakuona."

Ilunga akaleta kiti, mimi mwavuli. Akakaa mbali na ukuta, mfuko miguuni. Hamisi alianza kuchimba pale jeki ilipozama, kutafuta udongo mgumu. Koleo liliingia kwenye tuta bila shida, udongo mweusi, laini, mzuri. Maman alikuwa akiliangalia lile koleo.

"Ile jeki ilizama juu ya udongo yangu?"

Hamisi akaendelea kuchimba.

"Na ile muti ya chini, ilioza juu ya udongo yangu?"

Ilunga alinitazama.

"Ndiyo, Maman," nikasema mimi.

Alitikisa kichwa polepole. Mvua ilikuwa ikitiririka kwenye ukingo wa mwavuli mbele ya uso wake.

"Mulipashwa kuniambia. Mi si mutoto."

Nimelirudia hilo neno kichwani tangu jana. Nimelilaza pembeni mwa lile jingine, alilomwambia Ilunga dirishani juu ya mtoto, na kila nikiyatazama pamoja naona aibu, na nikimwangalia Ilunga naona naye anayatazama hayohayo.

Kazi iliyofuata siikumbuki vizuri. Tuling'oa mawe ya njia ya bustani, Hamisi akayapanga kwenye shimo mpaka yakawa imara, jeki ikarudi juu yake. Ukuta ukapanda tena, taratibu kuliko asubuhi. Kila mlio ulipokuja wanaume walitazamana, na mimi nilimtazama Maman, na Maman hakumwachia Ilunga jicho. Nafasi ilipofunguka Ilunga hakulala tena pale. Alitumia ufito mrefu. Kisha tukasukuma gogo, watatu, mabega yetu kwenye kichwa chake chenye harufu ya utomvu mbichi, mimi bado peku, tope likinipita kati ya vidole. Lilikataa. Tukasukuma. Likaingia.

Hamisi alipolegeza jeki ya mwisho, nyumba ilishuka na kutulia, kwa sauti nzito ya chini, kama ng'ombe anayelala. Nje bado kulikuwa na mwanga. Hakuna aliyeshangilia. Hamisi aliosha mikono, akakataa chakula, akasema anataka kwenda kuwaona watoto wake.

Leo asubuhi nimeizunguka nyumba kwenye mvua. Gogo jipya ni jeupe mno kati ya yale ya kahawia, kama jino la bandia. Kazi iliyobaki ni nyingi. Milango miwili haifungi, itabidi irandwe. Kona inataka katani. Kando ya ukuta wote lazima uchimbwe mfereji ujazwe kokoto, ili maji yasiguse tena mti, na tuta la Maman lihamie kule jua linakofika, karibu na uzio. Nilimwambia haya yote mwenyewe, uso kwa uso, alipoamka. Alisikiliza. Akauliza kokoto zinauzwa wapi.

Sikumwambia kwamba bado nataka kuuza. Sijui kama bado nataka. Jana niliingia humu peku wakati nyumba iko hewani, na sikufikiria hata kidogo bei yake wala kuta zake. Je, mtu anahitaji nyumba ilegee hivyo ndipo ajue anaishi na nani? Mimi nimekaa na huyu mwanamke miaka mitatu nikiwa najua tu jinsi anavyopika.

Uamuzi wangu ni mmoja, nauandika hapa ili nisiukimbie: kikianza kuoza kitu katika nyumba hii, kitasemwa siku hiyohiyo, mezani, wote tukiwepo.

Ilunga ameingia chumbani kwa mama yake na karatasi ya gundi, kukibandika kioo kilichopasuka. Ni kazi ndogo. Hajatoka. Mwanzoni nilisikia karatasi ikichanwa. Sasa nawasikia, magogo hayafichi neno.

"Maman. Papa alikuwa murefu?"

Kitanda kimelia. Nadhani Maman amesimama.

"Kuya karibu. Simama muzuri, usiiname." Sakafu inalia. "Weye unamupita. Si sana. Ye alikuwa anafika hapa."

Sijui kama Ilunga anacheka au analia, sauti ni moja. Sasa wananiita, yeye kwanza, halafu Maman:

"Rehema! Kuya. Na weye unapashwa kusikia."

Naenda.